Somo: Jenga mfumo endeshi mdogo wa Linux kwa mkono, kuanzia keneli hadi sheli

Wakuu, salaam. Ruta nyingi za nyumbani zinaendeshwa na Linux iliyopunguzwa hadi mifupa: kuna keneli (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa na programu), kuna programu ya kwanza iitwayo init, na mara nyingi kuna BusyBox, faili moja lililobeba ls, mount, sh (sheli, programu inayopokea amri unazoandika) na mamia ya amri nyingine. Bruce Perens aliianza mwaka 1995 ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye flopi moja. Leo tunaunganisha vitu hivyo vitatu wenyewe. Buildroot, zana ya kujenga mifumo ya namna hii, ingetufanyia yote kwa amri chache, na kazini naitumia, lakini anza kwa mkono. Siku bodi ya kompyuta ikigoma kuwaka, utajua ni kipi kati ya vitatu cha kukikagua.

Huhitaji bodi, programu ya QEMU itaigiza mashine ya ARM (aina ya prosesa) ya biti 64. Kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install build-essential gcc-aarch64-linux-gnu qemu-system-arm flex bison bc libssl-dev libncurses-dev cpio

Hatua ya 1: keneli. Ipakue kernel.org, ifungue, ingia ndani ya folda yake:

export ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-
make defconfig
make -j4 Image

Laptop ya kawaida itahangaika sana hapa, kwa hiyo chomeka chaji kabisa. Utakachopata ni arch/arm64/boot/Image.

Hatua ya 2: BusyBox. Ipakue na uifungue pia, kisha kwenye terminali ileile, ndani ya folda ya BusyBox:

make defconfig
make menuconfig
make install

Kwenye menuconfig ingia Settings, weka alama kwenye "Build static binary". Usiiruke. Mfumo wetu hauna folda ya maktaba, kwa hiyo programu lazima ibebe kila kitu chake yenyewe.

Hatua ya 3: init.

cd _install
mkdir proc sys dev

Tengeneza faili liitwalo init, uandike:

#!/bin/sh
mount -t proc proc /proc
mount -t sysfs sysfs /sys
mount -t devtmpfs dev /dev
exec /bin/sh

Kisha lipe ruhusa ya kuendeshwa: chmod +x init

Mara yangu ya kwanza niliisahau hiyo chmod. Skrini ikajaa "can't open /dev/tty2", mstari baada ya mstari, nami nikakesha nikitafuta ugonjwa kwenye folda ya dev. Kumbe juu kabisa palikuwa pameandikwa "Failed to execute /init (error -13)". Namba 13 maana yake ruhusa imekataliwa. Keneli iliponyimwa /init ikaenda kujaribu /sbin/init, ambayo BusyBox ilikuwa imeiweka yenyewe, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa akilalamika. Kwa hiyo pandisha skrini, tafuta kosa lililotangulia.

Hatua ya 4: funga folda yote iwe faili moja, initramfs, ambalo keneli italifungua kwenye kumbukumbu wakati wa kuwaka; kisha washa.

find . | cpio -o -H newc | gzip > ../initramfs.gz
cd ..

Leta na ile Image hapo, halafu:

qemu-system-aarch64 -M virt -cpu cortex-a53 -m 256 -nographic -kernel Image -initrd initramfs.gz -append "console=ttyAMA0 rdinit=/init"

Ukiona alama ya #, andika ls /proc. Huo ni mfumo wako. Kutoka QEMU, bonyeza Ctrl-A kisha x.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, BusyBox 1.36 imegoma kwenye tc.c, makosa yote yanataja CBQ.
Jibu: CBQ, njia ya zamani ya kugawa kasi ya mtandao, ilishaondolewa kwenye keneli, na kuanzia 6.8 hata faili zake za vichwa (headers) havimo, ila BusyBox hiyo bado inaitafuta. Ingia menuconfig, Networking Utilities, ondoa alama kwenye tc (amri ya kudhibiti mtiririko wa mtandao). Hatuihitaji.

Swali: Napata "No working init found" na chmod nimefanya, naapa.
Jibu: Nakuamini kaka. Juu yake kuna error -2? Andika file bin/busybox. Isiposema "statically linked", rudi hatua ya 2. Faili la init lipo, ila sheli inayotakiwa kulisoma inatafuta maktaba ambayo haipo.

Swali: Nikiandika exit, keneli inakufa: "Attempted to kill init!"
Jibu: Ndivyo inavyotakiwa. Sheli yako ndiyo mchakato namba 1, na keneli haiishi bila huyo. Kwenye kifaa cha kweli, mstari wa mwisho uwe exec /sbin/init, halafu uandike /etc/inittab ya kuifufua sheli kila inapokufa.

Swali: Nina Raspberry Pi 3 na waya wa USB wa serial. Naunganishaje ili nione ujumbe wa kuwaka?
Jibu: Dada, kwanza hakikisha waya huo ni wa volti 3.3. Wa volti 5 unaweza kuunguza pini. GND (ardhi) iende pini ya 6, RX (ya kupokea) ya waya pini ya 8, TX (ya kutuma) ya waya pini ya 10, na waya mwekundu wa umeme uuache wazi. Weka enable_uart=1 kwenye config.txt, kasi 115200. Ukiona herufi za ajabu ajabu, kagua kasi kabla ya kugusa waya.