Kulala Miriakamba, kuamkia kreta ya Meru: maelekezo kwa mtu wa Dar

Wengi huku Dar wakisikia Meru wanawaza kilele tu, mita 4,562. Mimi wapwa zangu wa Tabata nawapeleka kwanza kwenye kreta, yaani shimo la volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, ukabaki ukuta wa mwamba wenye umbo la kwato, unaopanda karibu mita 1,500 kutoka chini. Ukisimama pale ni kama uko katikati ya Uwanja wa Mkapa, ila majukwaa yote ni mwamba.

Kwa kuwa upande wa mashariki uko wazi, jua la asubuhi linaupiga ukuta moja kwa moja. Mchana wingu likishuka, huoni kitu. Ndiyo maana nasisitiza kulala juu, kwenye vibanda vya wapanda mlima vya Miriakamba.

Panda basi la alfajiri Stendi ya Magufuli, Mbezi, umwambie konda akushushe Usa River. Barabara ya Hifadhi ya Arusha inachepukia hapo, mjini hakuna haja ya kufika. Beba kitambulisho cha taifa ili ulipe kiingilio cha Mtanzania. Epuka masika, Machi hadi Mei. Nguo za baridi tafuta mitumbani Karume: sweta zito na koti lisilopitisha maji. Jinzi iache, ikilowa haikauki.

Geti la Momella mtapewa askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Msimtangulie hata hatua moja. Nyati akiinua kichwa akakukazia macho, simama, msikilize askari.

Mkiingia msituni, punguzeni maneno. Mbega usimtafute kwa mwili, maana weusi wake unapotelea kivulini. Tafuta mkia mweupe unaoning'inia. Ukiuona mmoja, tulia, wenzake wako jirani. Chukua darubini umtazame mkono anapovuta tawi: hana dole gumba la maana, anakunja vidole vinne kama ndoano. Wapwa zangu hapo huwa hawataki kuondoka, nami siwaharakishi.

Miriakamba iko mita 2,514, na usiku baridi ni kali kweli. Amkeni giza bado halijaisha, mwende na askari hadi chini ya ukuta. Miti ya mitarakwa ya huko imeota ndevu za kijivu. Kaeni, acheni muziki wa simu. Kunguru wenye shingo nyeupe, si hawa wanaotusumbua Dar, hupanda na upepo wakiuambaa mwamba, na sauti zao zinarudi kwa mwangwi. Ile koni ya majivu mbele yenu ni ya volkano yenyewe. Mara ya mwisho mlima ulilipuka 1910.

Saa nne anzeni kushuka. Wenye magoti mabovu watangulie pamoja na askari, na kila mmoja awe na fimbo, maana mteremko unachosha magoti kuliko mpando.