Somo: Outweigh, preponderate na ndugu zao wa kwenye mizani

Wapenzi wa lugha, leo tunayo maneno ya Kiingereza ya kuzidi na kulemea, ila tusianze na kamusi. Tuanze dukani, kwenye ile mizani ya zamani ya sahani mbili: huku jiwe la kilo, huku sukari. Upande mzito unashuka. Ukiishika picha hiyo, hutahangaika kukariri.

Hatua ya 1: Zijue sahani. Balance limepitia Kifaransa kutoka Kilatini bilanx: bi- ni mbili, lanx ni sahani. Basi. Counterbalance ni kuongeza kitu sahani ya pili mpaka mizani ikae sawa. Hapo hakuna aliyezidi.

Hatua ya 2: Pasua outweigh, yaani kuzidi kwa uzito. Out- hapa si "nje" kama katika outside. Ni ile ya kumpita mwenzio: outrun, kumshinda mbio, outnumber, kumzidi kwa idadi, outlive, yeye afe wewe ubaki. Weigh nalo lina historia tamu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa wegan, kubeba au kuinua, kwa sababu ukitaka kujua uzito wa kitu unakiinua kwanza. Mabaharia bado wanayo maana ile: weigh anchor ni kung'oa nanga. Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema "wakapima nanga", nikacheka peke yangu.

Hatua ya 3: Tafuta pondus. Hilo ni Kilatini, maana yake uzito. Weka mbele yake prae-, yaani kutangulia au kupita, upate praeponderare: ndiyo preponderate, kulemea upande mmoja. Ponder, kutafakari, ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Ni kupima jambo moyoni, kama sisi tunavyomwambia mtu apime maneno yake kabla ya kuyatoa.

Hatua ya 4: Chagua la kutumia. Outweigh ni la kila siku. Preponderate mazungumzoni utaonekana unajidai. Nomino yake, preponderance, yaani kule kulemea, ndiyo inayoishi, hasa mahakamani. Prevail, kushinda, msilichanganye humu: asili yake ni valere, kuwa na nguvu. Hilo ni la mieleka, si la mizani.

Maswali

*Mwalimu, niliandika "the benefits outweigh than the risks" nikakatwa alama. Kosa liko wapi?*

Ondoa than. "Kuliko" imeshamo ndani ya outweigh. Hata kwetu, "faida zinazidi madhara" inatosha, ingawa siku hizi nasikia sana "zinazidi kuliko".

*Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria. Mara naona preponderance of the evidence, mara balance of probabilities. Ni vitu viwili?*

Marahaba. Kipimo ni kilekile cha kesi za madai. La kwanza ni la Marekani, la pili, yaani mizani ya uwezekano, ni la Uingereza na nchi zilizorithi sheria zake, Kenya na Tanzania zikiwemo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania yenyewe imesema preponderance of probability, kama iliyochota kote kuwili. Mizani ikiinama hata kidogo upande wako, umeshinda. Kesi ya jinai haiendi hivyo. Huko upande wa mashtaka lazima uondoe shaka yote ya maana. Ila usitafsiri preponderance kuwa "wingi wa ushahidi". Kinachopimwa ni uzito: shahidi mmoja anayeaminika huweza kuwalemea watano wanaobabaika.

*Kwa nini pound hufupishwa lb, wakati herufi hizo hazimo?*

Warumi walisema libra pondo, ratili moja kwa uzito. Waingereza wakachukua pondo wakalifanya pound, lakini kifupi wakakiacha cha libra. Hata alama £ ya fedha ni L ya libra hiyohiyo. Na ratili yetu? Tuliipata kwa Waarabu, ratl, na hao wanaaminika kuitoa kwenye litra ya Wagiriki, ndugu wa libra. Kwa hiyo bibi aliyeagiza ratili ya nyama na mzungu aliyeandika lb walikuwa wakitaja neno la ukoo mmoja.