Namna ya Kuifasiri kwa Kiswahili Habari ya Mjadala wa Jinsia

Anayeifasiri kwa Kiswahili habari ya Kiingereza kuhusu watu waliobadili jinsia hukutana mwanzoni na jambo linaloonekana kuwa nafuu, kwamba ule ubishi mkubwa wa kumtaja mtu kwa "he" (wa kiume) au kwa "she" (wa kike) haumhusu. Kiswahili kina "yeye" mmoja, na kiambishi "a-" katika "amesema" hakimwambii msomaji wa Wete wala wa Makunduchi kama aliyesema ni mwanamme au ni mwanamke. Nafuu hiyo ipo, lakini haifiki mbali, kwani ubishi uliotoka kwenye viwakilishi hurudi kupitia nomino. Mara tu unapoandika "mwanamke huyo", "dada yake", "Bwana" au "Bi", umeshachukua upande katika mabishano ambayo watu wanapelekana mahakamani kwa ajili yake, na pengine hukukusudia kuuchukua. Kwa hiyo, kabla ya kufasiri hata sentensi moja, ipitie habari yote na utie alama kila neno linalomtaja mhusika kuwa wa kiume au wa kike, kisha ujiulize kama Kiswahili kinalihitaji. Mara nyingi "mwanariadha huyo", "mlalamikaji" au "mwalimu huyo" hutosha, na hakuna atakayehisi kwamba kuna kitu kilichokosekana.

Baadhi ya watu huomba watajwe kwa "they". Neno hilo limetumiwa kwa mtu mmoja katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Lililo jipya ni kulitumia kwa mtu anayejulikana jina, kwa sababu mwenyewe hajitambui kuwa mwanamme wala mwanamke. Usilifasiri kuwa "wao", na usiandike "wamesema", maana msikilizaji wa redio atawatafuta watu wengine waliosema. Tumia "a-" kama kawaida, na iwapo ombi hilo ndilo kiini cha habari, lieleze kwa sentensi moja: anaomba kwamba kwa Kiingereza atajwe kwa kiwakilishi kisichoonesha kiume wala kike. Waswidi waliliingiza neno "hen" katika orodha rasmi ya maneno ya lugha yao mwaka 2015 kwa haja kama hiyo, na wapo wanaojigamba kwamba sisi tulikuwa nalo tangu zamani. Majigambo hayo hayana msingi, kwani lugha kuwa na kiwakilishi kimoja hakujaamua lolote kuhusu nani akae saffu gani msikitini, wala nani arithi fungu gani.

Ugumu halisi uko kwenye maneno "mwanamke aliyebadili jinsia", yanayotumiwa kufasiri "trans woman" ya Kiingereza. Msomaji wetu akiyasoma hufahamu kwamba mtu huyo alikuwa mwanamke na sasa ni mwanamme, ilhali mwandishi wa Kiingereza alikusudia kinyume chake kabisa. Hapa ufupi hauna faida. Andika "aliyezaliwa mwanamme na anayejitambulisha kuwa mwanamke", hata kama sentensi itarefuka, kisha mara ya pili umtaje kwa jina lake au kwa kazi yake. Kwa kuwa "kubadili" nako kunaashiria upasuaji, na wengi wanaoitwa hivyo hawajafanyiwa upasuaji wowote, ufasiri unaojali kusema kweli hautaji hospitali wala kisu isipokuwa habari yenyewe imevitaja.

Jambo linalodai uangalifu mkubwa kuliko yote ni tofauti ya "jinsi" na "jinsia". Katika semina na vitabu vya maendeleo, "jinsi" imefanywa kuwa maumbile ya mwili, na "jinsia" imefanywa kuwa nafasi ambazo jamii huwapa wanawake na wanaume. Ndiyo maana Zanzibar ina Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, na hakuna anayedhani kwamba wizara hiyo inashughulikia viungo vya mwili. Lakini fomu zetu bado zimechapishwa "Jinsia: Me/Ke", na watu wengi hutumia neno hilo kwa maana zote mbili. Kiingereza chenyewe kilipita njia hiyo, kwa kuwa neno lao la "gender" lilikuwa zaidi la sarufi mpaka mwanasaikolojia John Money alipoanza kulitumia mwaka 1955 kwa nafasi ambazo mtu huziishi akiwa wa kiume au wa kike.

Chukua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya tarehe 16 Aprili 2025. Majaji watano walikubaliana kwamba maneno "mwanamke" na "jinsi" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 yana maana ya kibaiolojia, hata kwa mtu aliyepata cheti cha kutambuliwa kwa jinsia yake mpya chini ya sheria ya mwaka 2004. Ukiandika kwamba mahakama imeamua kuhusu "jinsia", msomaji aliyehudhuria semina ataelewa kinyume, na asiyehudhuria hataelewa kilichokuwa kikibishaniwa. Andika "jinsi ya kuzaliwa". Ongeza pia kwamba majaji walifasiri maneno yaliyomo katika sheria moja, na kwamba walieleza kuwa waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo dhidi ya ubaguzi. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyoachwa mara nyingi katika vichwa vya habari, na kuiacha ni kumpa msomaji hukumu nyingine.

Msomaji wa Unguja na Pemba atauliza pia dini inasemaje, na neno la kwanza litakalomjia ni "huntha". Usilitumie kwa kila mtu. Huntha katika fiqhi ni mtu ambaye mwili wake una alama za kiume na za kike, na mafaqihi wa kale walimjadili kwa urefu, hasa katika mirathi. Hilo ni suala la maumbile, nalo ni mbali na la mtu ambaye mwili wake hauna utata lakini anajitambua vingine. Epuka vilevile sentensi ya "Uislamu unasema" isiyomtaja msemaji. Nchini Iran Ayatollah Khomeini aliruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, na wanazuoni wengi kwengineko wanaukataza kwa asiye huntha. Pakistan ilipitisha sheria ya kuwalinda waliobadili jinsia mwaka 2018, na mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ikavibatilisha vifungu vilivyomruhusu mtu atambuliwe kwa namna anavyojiona mwenyewe. Taja nchi, taja chombo, taja mwaka.

Usichanganye pia jinsia anayojitambua mtu na mtu anayempenda. Neno "shoga" kwa mwanamke wa Mji Mkongwe ni rafiki yake wa kike, na angali akiitwa hivyo barazani, lakini katika magazeti limeshakuwa neno la mwanamme anayependa wanaume. Katika maana yoyote kati ya hizo mbili, halimfai mtu aliyebadili jinsia. "Hanithi" ni tusi, libaki ndani ya nukuu pekee. Kumbuka pia kwamba Zanzibar sheria inaadhibu mahusiano ya watu wa jinsi moja, na marekebisho ya mwaka 2004 yaliwaingiza wanawake. Kumbandika mtu wa kawaida neno "shoga" katika habari kunaweza kumfikisha polisi, kwa hiyo jina lake na mtaa wake visiandikwe.

Kuhusu nukuu, mkali na mpole wote waachwe waseme kwa maneno yao. Mbunge wa Uingereza akimwita mtu "mwanamme" ilhali mwenyewe anajitambulisha kuwa mwanamke, lifasiri neno hilo kama lilivyo ndani ya alama za nukuu, na mwanaharakati anayempinga naye afasiriwe bila kupunguziwa. Lugha yako wewe, nje ya nukuu, ndiyo itakayobaki kwenye jina, kazi na maelezo marefu. Kichwa cha habari kiandike mwisho, baada ya matini kusomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyeifahamu habari hiyo, na umuulize msikilizaji huyo: mhusika alizaliwa nani, na sasa anajitambulisha vipi? Akikosea, rudi kwenye sentensi ya kwanza iliyomtaja.