Namna ya Kuhakiki Urefu wa Bapa Unaponunua Kisu cha Kukunja cha Mtindo wa Zamani

Kisu cha kukunja cha mtindo wa zamani, yaani kile kinachofunguliwa kwa ukucha na kushikiliwa na springi iliyo mgongoni mwa mpini, mara nyingi hutangazwa kwa kipimo kimoja tu, na kipimo hicho aghalabu si cha bapa. Anayenunua mtandaoni hana nafasi ya kukishika mkononi, hivyo inambidi ajue kipimo alichopewa kimeanzia wapi na kuishia wapi kabla ya kulipa. Kifaa cha lazima ni rula ya chuma yenye alama za milimita. Kalipa, yaani kifaa cha kupimia chenye taya mbili, ikiwepo ni bora zaidi.

Hatua ya 1: Tambua namba iliyotajwa inahusu nini

Visu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, hupangwa kwa saizi kama milimita 58, 84, 91 na 111, na namba hizo ni urefu wa kisu kikiwa kimefungwa. Vivyo hivyo, Laguiole, kisu cha kukunja cha mtindo wa Kifaransa, inayotajwa kuwa ya sentimita 12 ni ya mpini wa sentimita 12, na bapa lake ni fupi kuliko hapo. Watengenezaji wa Marekani nao hutaja urefu wa kisu kilichofungwa, tena kwa inchi na sehemu zake. Zidisha kwa 25.4 upate milimita. Opinel, kampuni ya visu ya Ufaransa, ina utaratibu wake: namba ni jina la saizi, si kipimo. Namba 10 ina bapa la sentimita 10, lakini namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Tangazo likiandika "urefu" bila kufafanua, mwulize muuzaji, usikisie.

Hatua ya 2: Toa hesabu mwenyewe

Chukua urefu wa kisu kikiwa wazi, toa urefu wake kikiwa kimefungwa, na utakachobaki nacho kitakuwa karibu sawa na bapa. Kisu chenye sentimita 17.5 kikiwa wazi na sentimita 10 kikiwa kimefungwa kina bapa la takriban sentimita 7.5, hata kama tangazo linasema 9. Kumbuka pia kwamba bapa hulala ndani ya mpini, kwa hiyo haliwezi kuwa refu kuliko mpini wenyewe. Tangazo linalodai hivyo lina kosa, na mimi huacha kuamini vipimo vyake vyote. Kwa kisu chenye mabapa mawili au matatu, hesabu hii ifanywe likiwa limefunguliwa bapa kuu peke yake.

Hatua ya 3: Omba picha inayopimika

Picha inayofaa ni ile iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, kisu kikiwa wazi na kimelazwa kando ya rula. Angalia sifuri ya rula iko wapi, kwa sababu rula nyingi huacha nafasi kabla ya sifuri, na muuzaji anayeegemeza kisu kwenye ukingo wa rula anapunguza milimita kadhaa bila kujua. Ikiwa picha haina rula, pima bapa na mpini kwenye kioo cha simu au kompyuta, gawanya kipimo cha bapa kwa cha mpini, kisha zidisha jibu kwa urefu halisi wa mpini. Picha iliyopigwa kwa mshazari haifai kwa hesabu hii.

Hatua ya 4: Pima kisu kikiwa mkononi

Hapa chukua vipimo viwili, wala usiridhike na kimoja. Cha kwanza ni cha bapa: anzia kwenye ncha, nyoosha rula bila kufuata mpindo wa makali, na uishie pale mpini unapoanza. Kwenye visu vingi vya aina hii mpini huanza na kipande cha chuma, na kipande hicho kikiwa kimekatwa mshazari, hesabu mpaka sehemu yake iliyo karibu zaidi na ncha. Cha pili ni cha makali peke yake. Kati ya makali na mpini huwa kuna sehemu fupi isiyonolewa, na ndiyo inayovifanya vipimo hivi viwili visilingane.

Tofauti hiyo ya milimita chache ina uzito wa kisheria. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani, bila kutoa sababu, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani milimita 76.2, mradi hakina loki, yaani kifaa cha kulikaza bapa likiwa wazi. Sheria hiyo inataja makali, si bapa zima. Opinel namba 8 haipiti hapo, kwani mbali na urefu wake ina pete ya kufungia bapa. Sehemu nyingine zina kanuni tofauti, kwa hiyo soma ya kwako kwa makini uone inapima nini, na ukute kisu kiko chini ya kikomo kwa nafasi ya kutosha. Binafsi sinunui kisu kilichogota kwenye kikomo chenyewe.

Hatua ya 5: Kwa kisu kilichotumika, tafuta dalili za kuliwa

Kipimo cha kiwandani hakitoshi kwa kisu kilichonolewa kwa miaka mingi. Tazama mfuo wa ukucha, yaani kijishimo cha kufungulia bapa: kwenye bapa ambalo halijaliwa huwa karibu na mgongo, na kadiri makali yanavyoliwa ndivyo yanavyousogelea mfuo huo. Kisha funga kisu utazame ncha. Ikiwa imechomoza juu ya mpini, huenda ilivunjika na kuchongwa upya. Na ikiwa imeishia mbali na mwisho wa nafasi yake ndani ya mpini, bapa limefupishwa. Kwa ununuzi wa mtandaoni, omba picha ya kisu kilichofungwa, iliyopigwa upande ambao bapa linaingilia, na umwombe muuzaji akuandikie vipimo vyote viwili vya Hatua ya 4 pamoja na masharti ya kurudisha kisu visipolingana.