Doberman wa michezo ya ulinzi: uliza moyo kabla ya meno

Ukienda kwa mfugaji, iwe Goba au Kigamboni, utaonyeshwa baba mwenye kifua kipana anayebweka nyuma ya wavu, masikio yaliyokatwa yakasimama, na watoto wanaong'ang'ania kamba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia habari za moyo. Na kwa Doberman, moyo ndio hesabu ya kwanza. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba zaidi ya nusu ya mbwa wa uzao huu hupata DCM, yaani misuli ya moyo kulegea na vyumba vyake kutanuka, wakati fulani wa maisha yao.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Kwa miaka miwili, mitatu, hata minne, mbwa anakula vizuri, anaruka ukuta, anang'ata kwa nguvu, kumbe ndani moyo umeshaanza kukosea mapigo. Baadhi huishia kukohoa na kuhema. Wengine hawatoi dalili yoyote: wanaanguka katikati ya mbio na kufa. Sasa linganisha na ratiba ya mchezo. IGP, mtihani wa kimataifa wa mbwa wa michezo ya ulinzi, ina sehemu tatu, kufuata harufu, utii na ulinzi, kila moja alama 100, na mbwa haruhusiwi kuingia daraja la kwanza kabla ya miezi 18. Akifika miaka mitatu hadi mitano ndipo anakuwa amekomaa kwa mashindano. Ndiyo miaka ileile ambayo moyo mbovu huanza kujionyesha. Kumkimbiza mtu na kung'ang'ana naye huku damu imechemka ni mzigo mbaya kabisa kwa moyo wa namna hiyo.

Chagua ukoo kwanza

Mtoto wa wiki nane hawezi kupimwa DCM. Moyo wake utasikika safi, na utakuwa safi kweli siku hiyo. Kwa hiyo unachonunua ni historia ya wazazi, babu na bibi. Wazazi peke yao hawatoshi, kwa sababu jike wengi huzalishwa wakiwa na miaka miwili tu, kabla ugonjwa haujajitokeza. Dume wa miaka minane anayetembea vizuri na ana vipimo vya karibuni ana thamani kuliko dume wa miaka miwili mwenye vikombe kabatini.

Uliza hivi: babu na bibi wa pande zote mbili wako wapi leo? Waliokufa walikufa na umri gani, na kwa nini? Ndugu waliozaliwa tumbo moja na mama wa mtoto huyu, je, bado wako hai? Andika majibu, kisha tazama cheti cha ukoo cha vizazi vitano. Jina la dume mmoja likijirudia upande wa baba na upande wa mama, maana yake ni kwamba kasoro alizobeba zimepewa njia mbili za kumfikia mtoto wako.

Hapa Dar kuna jibu moja utakalolisikia sana: “Aliwekewa sumu.” Ni kweli wezi huwawekea mbwa sumu. Lakini Doberman wa miaka mitano aliyekutwa amekufa getini asubuhi, bila matapishi, bila povu, bila dalili za kugaagaa, na bila mzoga wake kuchunguzwa, usimhesabu kama mbwa wa sumu. Mhesabu kama mbwa wa moyo. Wakiwa wawili wa namna hiyo katika ukoo mmoja, aga kwa heshima uondoke.

Jinsi ya kusoma vipimo vya moyo

Vipimo vinavyohitajika ni viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha kwanza ni Holter, kifaa kidogo chenye nyaya kinachofungwa kifuani kwa fulana na kurekodi mapigo kwa saa 24 mbwa akiendelea na maisha yake. Cha pili ni ECHO, ultrasaundi inayoonyesha ukubwa wa vyumba vya moyo na nguvu ya kusukuma damu. Wapo mbwa ambao ECHO yao ni nzuri huku Holter ni mbaya, na wapo wa kinyume chake.

Kwenye ripoti ya Holter tafuta idadi ya mapigo yanayowahi kutoka vyumba vya chini, mara nyingi yameandikwa VPC. Chini ya 50 kwa saa 24, endelea kusoma. Kati ya 50 na 300, kipimo kirudiwe ndani ya mwaka. Kikirudi vilevile, huyo anahesabiwa mgonjwa. Zaidi ya 300, ni mgonjwa hata kama ECHO haijaonyesha kitu. Usiishie kwenye jumla. Angalia kama mapigo hayo yamekuja mawili mawili au matatu mfululizo, maana hata yakiwa machache, mpangilio huo ni wa kutilia shaka. Halafu angalia saa zilizorekodiwa kweli. Nyaya zikilegea kwa mikwaruzo, “saa 24” huwa saa 15, na karatasi bado inapendeza.

Angalia na tarehe. Kwa Doberman, kipimo cha moyo ni cha mwaka mmoja. Ripoti ya miaka mitatu iliyopita inaeleza mbwa aliyekuwa hivyo wakati ule. Na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya dakika tano ikionyesha pigo moja tu lililowahi, ni onyo; isipoonyesha kitu, haijamsafisha mtu.

Kifaa cha Holter kinachotumika kwa watu kinaweza kurekodi mbwa. Tatizo ni usomaji. Mapigo ya mbwa aliyetulia huenda kasi na kupungua kwa kufuata pumzi, na programu iliyotengenezwa kwa watu huweza kuona hitilafu pasipo hitilafu. Rekodi itumwe kwa daktari wa moyo wa wanyama, hata kama yuko nje ya nchi. Ni faili tu, inasafiri kwa intaneti.

Wauzaji wanaoagiza mbwa kutoka Ulaya hupenda kuonyesha cheti cha jeni, PDK4 na TTN, kimeandikwa safi. Kipokee, usikitegemee. Uhusiano wa PDK4 na ugonjwa ulionekana kwa mbwa wa Marekani, na tafiti za Ulaya hazikuuthibitisha kwa mbwa wa kwao. Mbwa mwenye jeni hizo “safi” bado anaweza kufa kwa DCM.

Kipimo cha jeni chenye uzito ni cha von Willebrand, tatizo la damu kutoganda. Mzazi mmoja akiwa safi, hakuna mtoto atakayeugua. Wazazi wawili wabebaji, kaa mbali. Mgonjwa wa tatizo hili akipata na homa ya kupe inayoshusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, jeraha dogo la mazoezini linageuka kesi.

Siku ya kumwona mtoto

Nenda na daktari wa mifugo wako, si wa muuzaji, saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali. Daktari anasikiliza upande wa kushoto nyuma ya kiwiko, huku vidole vyake viko ndani ya paja kwenye mshipa. Kila pigo linalosikika lazima ligonge vidole. Pigo likisikika na paja likanyamaza, ni hoja ya kuchunguza zaidi. Mvumo (sauti ya ziada kati ya mapigo) mwepesi kwa mtoto mara nyingi hupotea afikapo miezi minne hadi sita. Mvumo mkali unaouhisi kwa kiganja juu ya mbavu ni kasoro ya kuzaliwa, na huyo usimchukue.

Tabia pima mtoto akiwa na siku 49 hivi, mahali asipopajua, bila mama wala ndugu. Funga kipande cha gunia kwenye kamba ya mita mbili, ukiburute. Unayemtaka anakimbilia, anang'ata kwa mdomo wote hadi magego, na ukivuta taratibu anakaza. Anayenyonganyonga kwa meno ya mbele na kuachia kila mara atakupa kazi ndefu. Kisha dondosha sufuria sakafuni, mita tatu kutoka alipo. Kushtuka si kosa. Ndani ya sekunde chache awe amerudi kuinusa. Anayebaki amejibana ukutani, hata akiwa na moyo wa chuma, si wa mchezo huu.

Kama ni mara yako ya kwanza, ushauri wetu ni mbwa wa miaka mitatu au minne mwenye Holter na ECHO mbili zilizopishana mwaka. Bei itauma, lakini unajua unachonunua zaidi kuliko mwenye mtoto wa wiki nane.

Mbwa mkubwa aliyeishi pwani apimwe minyoo ya moyo kwanza. Inaenezwa na mbu, inaleta kikohozi na kuchoka, na inachanganywa na DCM kirahisi. Kwa mtoto wa chini ya miezi saba kipimo cha antijeni, kinachotafuta alama za minyoo hiyo kwenye damu, hakina maana. Huyo anza kumkinga kila mwezi. Ivermectin ya ng'ombe inayouzwa maduka ya pembejeo isipimwe kwa macho: kila mililita ina miligramu 10, na kinga ya mbwa ni mikrogramu 6 tu kwa kilo.

Baada ya kumleta nyumbani

Holter na ECHO kila mwaka, kuanzia miaka mitatu hata mbwa akionekana simba. Mara moja kwa wiki hesabu pumzi zake usiku akiwa amelala fofofo, feni ikiwa inawaka, kwa sekunde 30, uzidishe mara mbili. Zikizidi 30 kwa dakika siku mbili mfululizo, mwone daktari. Kuhema mchana wa Februari hakukuambii kitu, joto la Dar linahemesha hata mwenye moyo mzima. Ndiyo maana mazoezi ya kung'ata yanafanyika saa 12 asubuhi. Akizimia uwanjani, hata akiinuka baada ya sekunde kumi na kutikisa mkia, mazoezi yanakoma hadi Holter isomwe. Kwa mbwa aliyeonyesha ugonjwa kwenye vipimo bila dalili, ipo dawa ya pimobendan ambayo utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha inachelewesha kushindwa kwa moyo. Lakini ni ya kumwongezea siku, si ya kumrudisha kwenye mashindano.

Akifa ghafla, usimzike haraka. Mzoga uwekwe kwenye barafu na ufikishwe kwa daktari ndani ya saa chache, moyo ufunguliwe, na majibu atumiwe mfugaji aliyekuuzia, pamoja na wenye ndugu zake wa tumbo moja.