Kabla ya Kijiko cha Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Unapomchagulia Mtoto Chakula

Mtoto akikaribia miezi sita, wazazi huulizana, "Tumwanzishie nini?" Mimi huanza na swali jingine: mwili wake umeanza kupungukiwa na nini? Jibu ni madini chuma. Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia huja na akiba ya madini hayo, na akiba hiyo humfikisha takribani miezi sita. Maziwa ya mama yana madini chuma kidogo sana, ingawa hayo kidogo mwili huyafyonza vizuri. Kwa hiyo chakula cha kwanza si cha kumzoeza kumeza tu. Kina kazi tangu wiki ya kwanza.

Hili nililijua nikiwa nimechelewa. Mwanangu wa kwanza nilimwanzishia uji mwepesi wa nafaka tupu, wiki baada ya wiki, nikifurahi kuona unashuka bila taabu. Alikuwa anashiba, lakini anashiba maji. Tumbo la mtoto hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo saba hafikishi hata robo lita kwa mlo mmoja. Nafasi hiyo ndogo ukiijaza maji, nyama na maharage vitakaa wapi? Siku hizi nachota kijiko, nakiinamisha taratibu juu ya bakuli, natazama. Uji ukimwagika kama maziwa, naurudisha jikoni. Ukining'inia na kudondoka polepole kwa matonge, hapo uko tayari.

Kuhusu wakati, Shirika la Afya Duniani linashauri miezi sita, yaani siku 180. Lakini pamoja na kuhesabu siku, mtazame mtoto mwenyewe. Je, shingo imekaza? Anaweza kuketi akiegemezwa bila kuporomoka upande? Ukimgusisha kijiko mdomoni, ulimi unakisukuma nje au unakipokea? Ulimi ukiendelea kusukuma kila kitu nje, subiri siku chache ujaribu tena. Kuamka usiku peke yake si dalili kwamba anataka chakula. Mtoto aliyezaliwa njiti ana akiba ndogo zaidi ya madini chuma na hesabu ya miezi yake ni tofauti, hivyo mpangilie na daktari wake mapema.

Sasa tuje kwenye vyakula vyenyewe. Nyama iliyoiva ikalainika kisha ikasagwa, samaki aliyechambuliwa miiba yote, maharage au dengu zilizopondwa, yai lililochemshwa mpaka kiini kikakauka: vyote vinafaa tangu mwanzo. Sioni sababu ya kungoja meno wala kuanza na matunda wiki nzima ndipo nyama ifuate. Ini lina madini chuma kwa wingi, ila lina vitamini A nyingi mno pia, hivyo mara moja kwa wiki inatosha. Madini chuma ya kwenye maharage na mboga hayafyonzwi kwa urahisi kama ya kwenye nyama. Mpe pamoja na tunda lenye vitamini C katika mlo huohuo ili yafyonzwe zaidi. Chai hufanya kinyume chake, na mtoto mdogo haihitaji kabisa.

Zamani wazazi walishauriwa kuchelewesha karanga kwa kuhofia mzio. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, ulionyesha kwamba waliozilishwa mapema walipata mzio wa karanga mara chache zaidi, kwa tofauti kubwa sana. Ziwe zimesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, kamwe si nzima. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa yai aonwe na daktari kwanza. Vyakula vinavyojulikana kuleta mzio mwanzishie kimoja kimoja, asubuhi, siku ambayo ni mzima na wewe upo naye. Akivimba midomo, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali papo hapo.

Asali isiingie kinywani mwake kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba tu kwenye kidole: inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto mchanga na kulegeza misuli yake. Chumvi na sukari usiongeze. Wewe ukionja ukaona chakula kimepooza, yeye hajui ladha nyingine.

Jambo linaloniogopesha kuliko yote ni kupaliwa. Kabla ya kumpa kipande chochote, kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada; kisipopondeka, kirudi kupikwa. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne. Njugu nzima na karoti mbichi zisubiri miaka. Mtoto anayekohoa, uso umemwiva, huku akisukuma tonge mbele kwa ulimi, anajiokoa mwenyewe, muache amalize. Wa kuhofia ni aliyenyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa. Huyo hulazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, akapigwa mapigo matano kati ya mabega. Ikishindikana, anageuzwa na kusukumwa kifuani mara tano. Mtafute mtaalamu akufundishe kwa vitendo kabla hujanunua hata kijiko, na yeyote atakayemlisha mtoto ajifunze pia.

Mwanzoni vijiko viwili au vitatu vikubwa kwa mlo vinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, huku ukiendelea kumnyonyesha kama kawaida. Akigeuza uso, usimlazimishe. Chakula alichokikataa leo mrudishie baada ya siku chache, na usikate tamaa mpaka umejaribu mara kumi hivi.

Mwisho ni bakuli. Mpakulie kidogo, sufuria ibaki imefunikwa pembeni, umwongezee kwa kijiko safi akihitaji. Mabaki yaliyokwisha kuguswa na mate yake yamwage, hata kama amekula vijiko viwili tu.