Kabla hujasaini nyumba ya kiwandani Marekani

Nyumba ya kiwandani, ile inayojengwa kiwandani na kuletwa kwa lori ikiwa kipande kimoja au zaidi, utaipenda, hilo usiwe na shaka nalo. Jiko la nyumba ya maonyesho linang'aa, na muuzaji ana haraka kuliko wewe. Toka nje kwanza ujiulize itakaa wapi.

Kama huna kiwanja, usitoe hata kianzio. Ukiwa nacho, nenda ofisi ya kaunti uulize kama nyumba za aina hii zinaruhusiwa pale. Soma na hati ya kiwanja chenyewe, maana masharti mengine hujificha humo. Pasipo na bomba la maji taka, udongo upimwe kabla hujanunua. Usiponyonya maji, kibali cha tangi la kawaida la maji taka hupati. Na ukipanga kiwanja, uliza kodi inapanda kila lini na ukitaka kuuza nyumba itakuwaje. Usijidanganye kwamba ikikushinda utaihamisha. Chesisi, yaani fremu ya chuma ya kuibebea, inayo, ndiyo, lakini kuibeba mara ya pili ni gharama kubwa, na nyingi haziondoki tena zilipotua.

Tangu tarehe 15 Juni 1976 nyumba hizi hujengwa kwa kanuni za serikali kuu, chini ya wizara ya nyumba, HUD. Tafuta kibao chekundu cha chuma nje ya kila kipande, na ndani, mara nyingi kwenye kabati la jiko, karatasi inayoonyesha kanda ya upepo, yaani ni upepo mkali kiasi gani nyumba imejengwa kuuhimili. Iliyojengwa kwa kanda ya 1 haiwekwi kanda ya 2 wala ya 3, kule kwenye vimbunga. Vipige picha, usivibandue, wakopeshaji watavidai.

Muuzaji atakuletea mkopo unaotoka haraka, ule unaoihesabu nyumba kama gari: riba juu, muda mfupi. Kama ardhi ni yako na msingi ni wa kudumu, ulizia mkopo wa nyumba na ardhi kwa pamoja, hata ukichelewa. Na usiulize mkopeshaji mmoja tu.

Sasa kuiweka. Hapa ndipo nilipoungua.

Bei yangu ilijumuisha kuifikisha nyumba na kuifunga juu ya nguzo zake. Kutengeneza kiwanja ilikuwa juu yangu. Nikatafuta mtu wa greda, wa bei nafuu, akakisawazisha kama meza. Kosa lilikuwa hilohilo: ardhi inatakiwa iteremke kutoka kwenye nyumba, maji ya mvua yakimbilie nje. Mvua za kwanza zikaingia chini, zikatuama, nguzo za upande mmoja zikatitia. Mimi sikujua. Nilichoona ni mlango wa chumba cha mtoto kugoma kufunga. Mke wangu akasema ni unyevu, nikachukua randa nikaupunguza. Baadaye ukatokea ufa darini, palepale nusu mbili za nyumba zinapokutana.

Nikapiga simu. Muuzaji akasema ni mfungaji. Mfungaji akatambaa chini na tochi, akatoka na magoti ya matope, akasema nguzo zake hazina tatizo, ardhi ndiyo mbovu. Kiwanda kikasema nyumba ilitoka nzima. Mtu wa greda hakupokea. Nikazungushwa hivyo mpaka mwaka ukaisha, ndipo nikasikia kwamba upo utaratibu wa kusuluhisha kiwanda, muuzaji na mfungaji, ila kasoro iwe imeripotiwa ndani ya mwaka 1 tangu nyumba ifungwe. Mimi nilikuwa na simu tu, barua hata moja sina. Nikalipa mwenyewe jeki za kuinulia nyumba na mtaro wa kuzunguka. Nikalipa na mlango mpya, kwa sababu nyumba ilipokaa sawa, ule niliouranda ukawa mfupi.

Kwa hiyo kiwanja na ufungaji viwe kwenye mkataba mmoja, awajibike mtu mmoja, tena mwenye leseni. Kabla nafasi ya chini ya nyumba haijazibwa pembeni, tambaa mwenyewe: karatasi ya plastiki imetandikwa kote? Nanga za kuishikilia nyumba ardhini zimekazwa? Maji yana pa kwenda? Baada ya miezi michache, rudi chini ya nyumba na kifaa cha pima maji uone kama bado imekaa sawa. Mlango ukigoma, acha randa. Piga picha, andika barua pepe yenye tarehe.

Mengine ni madogo madogo. Pita njia ya lori uone kona, matawi na nyaya. Bima ianze siku nyumba inapofika. Fuatilia hati ya nyumba iunganishwe na ya ardhi kama jimbo lako linaruhusu. Ahadi ya mdomo iandikwe. Na uliza neno kwa neno nini kimo kwenye bei: kiyoyozi, kuunganisha umeme, hata ngazi. Yangu ilikuja bila ngazi, na wiki nzima ya kwanza tulipanda kwa kreti za soda.